Kola ya kupe: je, ni salama kwa mbwa, paka na watoto?

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Sahare, Tanga. Mbwa wangu wa kienyeji ana miaka mitatu na kupe wanamsumbua mno. Nimeletewa kola ya dawa kutoka Dar es Salaam, ila jirani ananiambia ni sumu, itamuua mbwa na kuwadhuru watoto. Yeye ananishauri nimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe. Nyumbani tuna paka pia. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Ni kweli kola ina sumu, la sivyo kupe wasingekufa. Lakini katika hayo mawili, linalonitia hofu ni hiyo dawa ya ng'ombe.

Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo dawa ya kuogeshea haikosekani, na watu huimimina kwenye ndoo kwa kukisia. Baadhi zina amitrazi, kemikali ya kuua kupe. Ikimzidi mbwa, hulegea kama mlevi, mapigo ya moyo hushuka, mwili hupoa, na kila anapojilamba anaongeza sumu tumboni. Paka ndiyo kabisa, asiguswe nayo.

Kola iliyotengenezwa vizuri hufanya kazi kwa namna nyingine. Hutoa dawa kidogo kidogo, ikasambaa kwenye mafuta ya ngozi na manyoya, na ni kidogo sana inayoingia kwenye damu. Seresto, kwa mfano, ina imidaklopridi na flumethrini, na hudumu hadi miezi 8. Marekani wamiliki wengi waliripoti wanyama wao kudhurika, na mwaka 2023 mamlaka ya mazingira ya huko, EPA, ilimaliza kuipitia: ikairuhusu ibaki sokoni, ila ikadai maonyo zaidi kwenye lebo. Mimi ningemvalisha mbwa wangu, kwa sharti kwamba ni halisi. Za bandia zipo, na hizo hakuna ajuaye zimewekwa nini.

Kwa hiyo kabla hujafungua hiyo uliyoletewa, soma boksi. Haina boksi, au haionyeshi jina la dawa, uzito wa mbwa na tarehe ya kuisha muda? Usimvalishe, hata kama umeshailipia. Ukikuta imeandikwa permethrini, dawa nyingine ya kuua wadudu, kumbuka paka wako: mbwa huivumilia, lakini paka anaweza kutetemeka, kupata degedege na kufa, hata kwa kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa hivi karibuni.

Ukimvalisha, vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, na ncha inayobaki uikate uitupe, mbwa mwingine asije akaitafuna. Nawa mikono. Kila wiki inua kola utazame ngozi chini yake. Wekundu kidogo siku za mwanzo huisha wenyewe, lakini kidonda au manyoya kunyonyoka ni alama ya kuivua. Watoto wasiichezee wala kuitia mdomoni, na wasilale na mbwa aliyeivaa. Kama mnampeleka kuogelea Raskazone mara kwa mara, dawa itaisha mapema kuliko ilivyoandikwa.

Akianza kutokwa na mate mengi, kutapika, kutetemeka au kuyumba, ivue papo hapo. Muoshe shingo na mgongo kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na boksi. Boksi ni muhimu kwa sababu dawa za kuokoa hutofautiana: aliyedhurika na sumu za kundi la oganofosfati hupewa atropini, wa amitrazi hahitaji hiyo. Usimpe maziwa wala kumtapisha kwa chumvi.

Usije ukaacha kupe hivi hivi kwa kuogopa kola. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza ugonjwa unaoitwa erlikiosisi: homa, kukosa hamu ya kula, ufizi kupauka, wakati mwingine damu puani. Huyo nimemwona akiua mbwa wengi kuliko kola yoyote.

Na kola peke yake haitoshi. Jike la kupe likishiba hudondoka na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta na chini ya kibanda. Ziba nyufa, choma matandiko ya zamani, fagia kibanda kila siku. Kupe waliokwisha kushika watoe kwa kibano, ukivuta taratibu karibu kabisa na ngozi, bila mafuta ya taa. Dawa huchukua siku mbili hivi kushika vizuri, kwa hiyo ukimkuta kupe mmoja sikioni kesho yake, usikimbilie kuongeza dawa ya ng'ombe juu ya kola.