Kabla hujamwandikia mtu barua ya kujieleza, nenda kaangalie kabati

Mimi ni nesi, nimekaa leba miaka mingi na baadaye nikawa inchaji wa wodi, na kama kuna jambo ningetaka kila anayesimamia watu alijue, awe hospitali, kiwandani, gereji au dukani, ni hili: watu wawili tofauti wakikosea kosa lile lile mahali pale pale, acha kwanza kuwaangalia wao, angalia wanachoshika mkononi. Kuna chupa, swichi, fomu, taa au rosta inayowakosesha, na utafukuza hata wodi nzima, kosa litabaki pale pale linamsubiri mwajiriwa mpya.

Mambo haya yana wasomi wake kabisa, fani yao inaitwa ergonomia, kazi yao ni kuchunguza mwili na akili ya binadamu vinavyofanya kazi kweli kweli, akiwa amechoka, amekatizwa, ana haraka, halafu wanahakikisha kifaa kinamfuata mtu. Wengi wakisikia wanawaza kiti cha ofisi tu. Kiti kimo, ila kwa niliyoyaona mimi kiti ni sehemu ndogo sana.

Sasa niwaambie ya kabati. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, kabati la dawa za dharura la leba lilikuwa na boksi mbili zimekaa bega kwa bega kwenye shelfu moja, zote ampuli za plastiki nyeupe, ukubwa mmoja, maandishi ya bluu madogo madogo. Boksi moja maji ya kuchanganyia dawa, nyingine potasiamu kloridi ile kali ya kuongeza kwenye dripu, ambayo ukimchoma mtu moja kwa moja kwenye mshipa bila kuichanganya moyo unasimama. Na taa ya juu ya kabati ilikuwa imeungua. Saa tisa usiku mama anatoka damu, wewe umebana simu ya dokta kwa bega, mkono mmoja umeshika bomba la sindano, mwingine unapapasa shelfu, hebu niambie unasoma saa ngapi maandishi ya bluu. Sista mmoja akachukua potasiamu akijua ni maji, bahati mwenzake akaiona kabla haijafunguliwa. Akaandikiwa barua ya kujieleza, kikao kikaitishwa, neno likawa uzembe. Haikupita muda mrefu kijana mwingine, zamu ya mchana, ametoka chuo na alama nzuri tu, akashika ampuli ile ile kwa sababu ile ile.

Ndo tukaenda kusimama mbele ya kabati badala ya kusimama mbele ya mtu. Na swali la kwanza likawa leba potasiamu kali inafanya nini? Hamna aliyekuwa na jibu, ilikuwa inaletwa kwa sababu siku zote imekuwa inaletwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishashauri tangu 2007 kwamba dawa za aina hiyo ziondolewe wodini zikae famasi. Tukairudisha famasi, inatoka kwa oda, na fundi akaweka balbu. Hakuna semina iliyofanyika wala posho iliyolipwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuichanganya na maji maana haipo.

Kama unadhani haya ni ya hospitali zetu tu, hapana. Wakati wa vita vya pili vya dunia ndege za Marekani za B-17 zilikuwa zinatua salama, halafu zikiwa tayari ziko chini rubani anakunja magurudumu na ndege inalalia tumbo. Marubani wazima, wenye mafunzo. Waliandikwa kuwa ni kosa la rubani, basi. Mwanasaikolojia mmoja anaitwa Alphonse Chapanis akaenda kukaa ndani ya chumba cha rubani, akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kupunguzia mwendo ziko jirani na zinafanana, na rubani akishatua anatakiwa aguse ile ya vibawa. Dawa yake ilikuwa rahisi sana, kwenye ya magurudumu bandika kigurudumu kidogo cha mpira, kwenye ya vibawa weka kipande chenye umbo la kibawa, mkono ujue wenyewe bila jicho. Mpaka leo ukiingia chumba cha rubani wa ndege kubwa utakuta mpini wa magurudumu una umbo la gurudumu. Na mwaka 1947 wanasaikolojia wengine wawili, Paul Fitts na Richard Jones, wakachambua visa 460 vilivyokuwa vimepewa jina la kosa la rubani, wakakuta vingi vinatokana na jinsi vifaa vilivyopangwa na kutengenezwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, vitu viwili vinavyofanana na kimoja kinaweza kuua au kuleta hasara, visikae pamoja. Na usitegemee kubandika karatasi ya ANGALIA KWA MAKINI, watu wanaizoea ndani ya wiki, inakuwa sehemu ya ukuta. Hamisha kitu, badilisha umbo lake, kiweke kwenye boksi lenye mfuniko, fanya mkono ulazimike kusimama. Wenzangu wa thieta hasa, nendeni leo mkaangalie troli ya ganzi. Mwaka 2022 WHO walitoa tahadhari kuhusu ile tranexamic acid tunayowapa akina mama wanaotoka damu, ampuli yake inafanana na ya bupivacaine ya ganzi ya mgongo, na kuna mahali watu wamechomwa mgongoni ile ya damu badala ya ganzi na wengine wamekufa. Tranexamic isikae troli ya ganzi hata kidogo, itafutieni mahali pake.

La pili ni gumu zaidi kwetu kwa sababu linagusa malezi. Sisi tumekuzwa kumwamkia mkubwa na kunyamaza, na mimi naipenda heshima yetu, ila kazini kuna dakika ambapo mdogo ndiye aliyeona na mkubwa hajaona. Tarehe 27 Machi 1977 uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, Hispania, ukungu mzito, ndege ya KLM ya Uholanzi ilianza kukimbia kuruka wakati ya Pan Am ya Marekani bado iko kwenye njia hiyo hiyo. Kapteni wa KLM alikuwa mkubwa kweli, mwalimu wa marubani wenzake. Mhandisi aliyekaa nyuma yake akauliza kama ile nyingine imeshatoka njiani, kapteni akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo, na mhandisi hakurudia tena. Watu 583 wakafa. Baada ya ajali za namna hii mashirika ya ndege yakaanza kufundisha wadogo jinsi ya kusema na wakubwa jinsi ya kusikia, yaani wakaliona ni jambo la kufundishwa, hawakuliacha liwe ujasiri wa mtu mmoja mmoja.

Na hapa kuna jambo linanipa fahari kama Mtanzania, na nashangaa hatulisemi. Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, ile ya vipengele 19 inayotumika duniani kote sasa hivi, ilijaribiwa kwenye hospitali nane za miji minane, Toronto, London, Seattle, Auckland, Manila, New Delhi, Amman, na Ifakara. Ifakara yetu ya Kilombero! Walifuatilia wagonjwa 3733 kabla ya kuanza kuitumia na 3955 baada ya kuanza, matokeo yakachapishwa Januari 2009: hospitali zote nane zikijumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya hilo. Ni kusimama mara tatu, kabla ya ganzi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka, watu wanaulizana kwa sauti, huyu ni nani, tunapasua wapi, antibayotiki imeshaingia, vitambaa vimehesabiwa.

Kipengele ambacho watu wanakiruka sana, na mimi nakiona ndicho muhimu kuliko vyote, ni kile cha kila mtu kutaja jina na kazi yake kabla ya kisu. Nimewaona madokta wakikiona cha kitoto. Ila nimesimama thieta zote mbili, ambapo kinafanyika na ambapo hakifanyiki, na tofauti naijua: mwanafunzi wa unesi akishafungua mdomo mara moja mbele ya bingwa akasema jina lake, mara ya pili kusema dokta samahani kitambaa kimoja hakijaonekana haimtoi jasho. Asiyetamka kitu tangu ameingia hatamki hata akiona. Kwa hiyo wewe bosi usiseme tu mlango wangu uko wazi, maana hamna anayeingia. Weka dakika kwenye ratiba ambapo mdogo analazimika kusema, na umuulize yeye kabla hujasema lako, maana ukishasema lako wote wataitikia.

Kukatizwa nako. Utafiti uliofanyika hospitali mbili za Sydney, Australia, ukatoka 2010, waliwafuatilia manesi 98 wakitoa dawa, kila mara nesi anapokatizwa makosa yaliongezeka kwa kama asilimia 12. Kila mara! Sasa fikiria wodi zetu, unahesabu vidonge huku ndugu wa kitanda cha nne anauliza dokta anapita saa ngapi, simu inalia, matroni anakuita. Wodini kwetu tulikubaliana aliyeko kwenye troli ya dawa haitwi, hata na mimi inchaji, na saa za dawa kuna mtu mmoja amepangwa wa kujibu ndugu na simu. Mwanzo wengine waliona ni maringo, baadaye ndo walikuwa wanalinda wenyewe. Keshia anayehesabu hela, fundi umeme aliye kwenye waya, dereva, wote ni hivyo hivyo, bosi ukimpigia dereva wako akiwa barabarani halafu akagonga na wewe umo.

Mwili sasa. Manesi tunastaafu na migongo mibovu na tunaona ni kawaida ya kazi, si kawaida. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kilo 23 kuwa kikomo cha kuinua hata mazingira yakiwa mazuri kabisa, mzigo uko karibu na mwili, hujipindi, na kwa kumwinua mgonjwa watafiti wao wakashusha mpaka kama kilo 16 maana binadamu hana mpini wa kumshikia na anaweza kujitupa. Mfuko wetu wa saruji ni kilo 50 na gunia la lumbesa sitaki hata kulitaja. Kwa hiyo kumhamisha mgonjwa ambaye ni mtu mzima mkiwa watu wawili ni uharibifu, tafuta shuka la kuvutia, tafuta watu wanne, na pandisha kitanda kwanza kifike usawa wa kiuno chako. Wenzetu wa Kenya sheria yenu ya 2007 ya usalama na afya kazini inamtaka mwajiri afanye mahali pa kazi pamfae mfanyakazi, mpaka msongo wa akili wameutaja, isomeni mnapoenda kuomba vifaa.

Na kipimo cha katikati kisikudanganye, kwamba meza moja ya urefu wa wastani itawafaa wote. Mwaka 1950 mtafiti mmoja, Gilbert Daniels, alipima marubani 4063 wa jeshi la anga la Marekani, akachukua vipimo kumi vya mwili, akatafuta ni wangapi wako wastani kwenye vyote kumi, hakupata hata mmoja. Ndo maana viti vya ndege na vya gari vinasogezwa. Kama meza haipandi wala kushuka, mtu mfupi mtengenezee jukwaa la mbao la kusimamia, na mrefu umuwekee matofali chini ya miguu ya meza yake. Kwa kazi nyingi za kusimama mikono ifanye kazi chini kidogo ya kiwiko, kazi ya macho kama kushona vitu vidogo ipande juu kidogo, kazi ya kukandamiza ishuke zaidi.

Ukitaka kujua uanzie wapi, chora umbo la mtu kwenye karatasi kubwa, mbele na nyuma, bandika chumba cha kubadilishia nguo na kalamu, kila mtu akimaliza zamu aweke nukta panapomuuma, bila jina. Wataalamu wa Uingereza, Corlett na Bishop, walitoa njia ya mchoro kama huu tangu 1976 na bado inatumika. Kwetu nukta zilijaa bega la kulia kuliko hata mgongo, tukashangaa, kumbe troli ya nguo chafu ina gurudumu moja limekufa na kila anayeisukuma anaibeba kwa bega hilo. Gurudumu likabadilishwa. Mwezi uliofuata tukabandika karatasi mpya na bega likawa na nukta chache, zikabaki za kiuno, na za kiuno ndizo tulizopeleka ofisi ya matroni kuombea vitanda vya kupandisha, tukiwa na mchoro mkononi.