Maswali ya Wasomaji: Hugo, Molière na Shakespeare bila Kusinzia

Kikundi chetu cha wasomaji kilianza Les Misérables kwa ari. Wiki ya pili wenzangu wakaacha, wanasema hadithi haianzi. Tumekosea wapi?

Wenzako wana haki. Katika riwaya hii ya 1862, Victor Hugo anatumia sura 14 za mwanzo kumweleza askofu Myriel, na Jean Valjean bado hajatokea. Wengi hukwama papo hapo mlangoni.

Ruka. Anzeni na kitabu cha pili cha sehemu ya kwanza: mfungwa aliyeachiliwa anaingia mjini jioni, ana njaa, pesa anazo, na bado kila nyumba inamfukuza. Endeleeni mpaka vyombo vya fedha vya askofu vinapoibwa na askofu anapojibu kwa namna yake. Hapo ndipo mrudi kwenye zile sura 14, kwa sababu sasa kila mmoja atataka kujua huyu askofu ni mtu wa aina gani. Sehemu ya pili nayo inafunguka kwa sura 19 za vita vya Waterloo. Kwa mara ya kwanza someni ile ya mwisho tu, ambamo Thénardier anapekua maiti usiku.

Kitabu kizima kina sura 365, nyingi fupi: moja kwa siku, mwaka mmoja. Mkiona ni safari ndefu, chukueni Great Expectations ya Dickens. Ilitoka gazetini kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, na kila kipande kinaishia pale msomaji anapotaka zaidi. Basi someni hivyo hivyo, sura moja au mbili kisha mfunge kitabu, mbishane kuhusu nani anamficha nani nini. Ukiimeza yote kwa siku mbili, utamu huo unapotea.

Nimejifunza Kifaransa miaka mitatu, lakini nikifungua riwaya ya zamani vitenzi vyote naviona vigeni.

Kinachokukwamisha ni njeo moja ya wakati uliopita, passé simple, ambayo imetoweka katika mazungumzo ya kila siku. Usikariri jedwali zima. Msimulizi hutumia zaidi nafsi ya tatu, kwa hiyo anza na sita hizi: fut (alikuwa), eut (alikuwa na), fit (alifanya), vint (alikuja), put (aliweza), vit (aliona). Ziandike kwenye kadi ndogo iwe kialamisho chako. Vitenzi vya -er ni vyepesi: parla, alizungumza, parlèrent, walizungumza. Tahadhari na vit, maana huweza pia kuwa “anaishi”. Sentensi zinazoizunguka ndizo zitakazoamua.

Zoeza jicho kwa Candide ya Voltaire, ya 1759: sura 30 fupi, tukio juu ya tukio. L'Étranger ya Camus hupendekezwa mno kwa wanaoanza, na kweli inasomeka, lakini imesimuliwa kwa passé composé, njeo ya wakati uliopita inayotumika katika mazungumzo, hivyo haitakutibu ugonjwa huu. Na usifungue kamusi kwa kila neno. Tafuta lile lililojirudia mara tatu.

Nafundisha Shakespeare kwa vijana wa miaka 15. Wanasoma kwa zamu wakiwa wamekaa, na darasa limepoa.

Wasimamishe. Chagua mistari 20 hadi 30, si onyesho zima, na uwasimulie kisa chote kwa Kiswahili kwanza. Usiogope kutaja mwisho: dibaji ya Romeo and Juliet yenyewe inatangaza kifo cha wapenzi hao ndani ya mistari 14.

Kisha mizani. “If music be the food of love, play on”, mstari wa kwanza wa Twelfth Night, una silabi 10, na mkazo uko kwenye ya 2, 4, 6, 8 na 10. Watembee wakipiga mguu chini kwenye kila mkazo. Ulimi hufuata mguu. Aliyezoea shairi la mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, hata mstari wa Racine, mwandishi wa tamthilia wa Kifaransa, ataushika upesi: silabi 12, pumziko baada ya ya sita.

Maana ipimwe kwa mwili. Juliet anaposema “wherefore art thou Romeo”, mwigizaji akianza kuchungulia gizani, msimamishe. Wherefore ni “kwa nini”. Juliet hamtafuti, wala hajui kwamba kijana yuko chini anamsikiliza. Analalamikia jina linalowatenganisha. Kosa hili ndilo linalowapoteza wengi.

Mkitaka Kiswahili kando ya Kiingereza, zipo Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tafsiri za Julius Nyerere. Na siku ya kucheka, Le Bourgeois gentilhomme ya Molière (1670), sehemu ya pili, onyesho la nne: mzee Jourdain anafundishwa kutamka irabu, kisha anagundua kwamba zaidi ya miaka 40 amekuwa akisema kwa nathari bila kujua. Darasa zima litamke irabu hizo pamoja naye, midomo ikibinuka kama anavyoelekezwa.

Toleo lililofupishwa ni udanganyifu?

Kwa riwaya ndefu, hapana, mradi jalada liseme wazi kwamba limefupishwa. Kwa tamthilia, fupisha wewe mwenyewe kwa kukata maonyesho mazima. Ukipunguza maneno ndani ya mstari, mizani inavunjika.