Bei moja ya mkupuo? Tazama Maralinga kwanza

Umeuliza kwa nini serikali isimpe mkandarasi bei moja ya mkupuo asafishe eneo la zamani la majaribio ya silaha. Kwa sababu siku ya kusaini, hakuna ajuaye kwa hakika kilichomo ardhini.

Maralinga, Australia Kusini, Waingereza walilipua mabomu saba ya nyuklia mwaka 1956 na 1957. Lakini uchafu mbaya zaidi uliletwa na majaribio madogo yaliyofuata, yaliyotawanya takriban kilo 22 za plutoniamu, metali yenye mionzi hatari, pale Taranaki, sehemu mojawapo ya Maralinga. Wakasafisha mwaka 1967, na 1968 Australia ikakubali kwa maandishi kuwaondolea wajibu. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa, maana tume ya uchunguzi ya 1985 ilisema eneo lisafishwe upya.

Safari ya pili, miaka ya 1990, Australia ilianza kuyeyusha taka za mashimoni kwa umeme ziwe kama kioo. Mwaka 1999 shimo moja likalipuka wakati wa kuyeyushwa, njia hiyo ikaachwa, zilizobaki zikafukiwa. Gharama ilifika kama dola milioni 108 za Australia.

Kwa hiyo sehemu iliyokwisha kupimwa, weka bei moja. Isiyojulikana, lipa kwa kiasi kilichochimbwa na kupimwa. Na mpimaji wa mwisho asilipwe na mkandarasi hata kidogo. Wenye ardhi, kama Wamaralinga Tjarutja, wenyeji asilia wa huko, wawe na mtaalamu wao wenyewe kabla cheti cha kuthibitisha usafi hakijasainiwa.