"Awaita" ni kosa la chapa?

SWALI: Kwenye kikundi chetu cha kujisomea Biblia ya Union Version tumebishana juu ya 1 Wathesalonike 5:24: "Yeye ni mwaminifu ambaye awaita, naye atafanya." Mwenzetu anashikilia kwamba "awaita" ni kosa la chapa, iwe "anawaita" au "aliwaita". Nani yuko sahihi?

JIBU: Chapa haina kosa. Hapo pana kiambishi cha wakati -a-, kilichomezwa na kiambishi cha nafsi: a + a + wa + ita. Badilisha nafsi utakiona: nawaita, twawaita, mwawaita.

Kiambishi -na- huelekea kwenye tendo linaloendelea sasa. -A- hulitaja tendo bila kulifunga kwenye saa. Katika mazungumzo ya leo tofauti hiyo imefifia, basi "anawaita" haina madhara makubwa. "Aliwaita" ndiyo inayopotosha, kwa sababu Kiyunani cha mstari huu kina umbo la wakati uliopo, yaani "awaitaye". Paulo akiutaja wito uliokwisha kutolewa hubadili umbo, kama 1 Wakorintho 1:9: "Mungu ni mwaminifu ambaye mliitwa na yeye..." (Na hiyo "na yeye" msiiruke mnaponukuu. Bila hiyo "ambaye" inaning'inia, maana walioitwa ni ninyi, si Mungu.)

Kosa baya zaidi hutokea kwenye irabu ya mwisho. Mstari wa 23 ni dua, na vitenzi vyake vinaishia na -e: "awatakase", "mhifadhiwe". Msomaji aliyeshika mwendo huo huteleza akasoma "awaite". Papo hapo tamko limegeuka ombi, kana kwamba waumini wa Thesalonike walikuwa bado wanangoja kuitwa! Mtume ameshamaliza kuomba. Sasa anataja sababu ya kutumaini kwamba watahifadhiwa. Anayesoma kwa sauti atue kabla ya "Yeye", kisha aitamke wazi -a ya "awaita".

Wapo pia wanaoongeza yambwa: "naye atalifanya". Hiyo -li- inadai nomino ya ngeli ya LI-YA, nayo haipo. Atakachofanya Mungu ni yale yaliyoombwa katika mstari wa 23: kuwatakasa, na kuhifadhi nafsi, roho na miili yao. Katika maelezo yako unaweza kusema "atayafanya". Ukisoma andiko, liache "atafanya".