Kabla hujalipia programu ya muziki: maswali yenu

Spotify ilipofika rasmi Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, ilikuta Boomplay imeshazoeleka, maana simu nyingi za Tecno zilikuwa zinakuja nayo ndani tangu dukani. Tangu hapo maswali kuhusu programu hizi hayaishi. Leo nayajibu matano.

Shikamoo. Nimepewa mwezi wa bure wa Spotify. Nitajuaje kama inafaa kuilipia? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Usiipime kwa nyimbo zinazovuma. Diamond Platnumz yupo kwenye kila programu, kwa hiyo kumpata hakukwambii lolote. Ipime kwa muziki ambao wewe unaujua vizuri kuliko yenyewe.

Kipimo changu mimi ni Msondo. Bendi hiyo ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndipo ikawa Msondo Ngoma. Majina matatu ya mwanzo yalikuwa yakifuata mabadiliko ya chama cha wafanyakazi kilichoimiliki. Kwa mzee wa Kariakoo hiyo ni bendi moja, lakini kwa mashine hao wanaweza kuwa wasanii wanne wasiojuana. Tafuta jina moja, uone kama programu inakupeleka kwenye mengine. Jaribu na tahajia tofauti: kikundi kikongwe cha taarab cha Zanzibar utakikuta kama Ikhwani Safaa au Akhwani Safaa, na nusu ya kazi zake zinaweza kujificha nyuma ya herufi moja.

Halafu tazama mwaka. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Ukiona sauti yake imewekewa mwaka wa juzi, hiyo ni tarehe ya kutolewa upya, na programu isiyojua tofauti hiyo haiwezi kukufundisha historia ya muziki. Zile milioni 100 na zaidi za nyimbo wanazojisifia zisikubabaishe. Wewe unazitaka mia chache tu, na swali ni kama hizo zipo.

Kila Jumatatu napendekezewa nyimbo mpya, lakini ni singeli mwanzo mwisho. Mimi ni mtu wa dansi. Kulikoni? – Msomaji, Tanga

Kwanza, nani mwingine anashika simu yako? Programu haijui kama anayesikiliza ni baba au ni mtoto wa darasa la sita. Wakichukua simu, washa kile kikao cha faragha (Private Session) kilichomo kwenye mipangilio, au wafungulie akaunti yao.

Pili, elewa orodha hiyo inavyotengenezwa. Discover Weekly, orodha ya Jumatatu ya Spotify iliyoanza mwaka 2015, huangalia kwa sehemu kubwa nyimbo ambazo watu wengine wameziweka pamoja kwenye orodha zao. Dansi letu la zamani wachache ndio wamelipangia orodha, basi mashine haina pa kushika. Tengeneza yako, ijaze Sikinde, Msondo na Super Matimila, uisikilize bila kurukaruka.

Lakini niseme ukweli wangu: kwa dansi, mfuate mtu, si mashine. Chukua mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo. Alikuwa NUTA, akaenda Mlimani Park (ndiyo Sikinde) mwaka 1978, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, kisha akarudi Msondo. Ukifuata nyayo zake tu umeshapita bendi tatu na miaka zaidi ya 20 ya muziki wa Dar es Salaam. Wanamuziki wetu walihamahama hivyo, na hakuna orodha ya Jumatatu iliyowahi kunieleza nani alitoka wapi.

Bando langu linaisha haraka. Saa moja ya muziki inakula kiasi gani? – Msomaji, Mombasa

Kwa Spotify, kiwango cha kawaida ni kilobiti 96 kwa sekunde, sawa na MB 43 hivi kwa saa. Cha juu, 160, ni MB 72. Cha juu zaidi, 320, ni MB 144. Rekodi ya redio ya miaka ya 1970 haina cha kufaidi kwenye 320. Pakua kwa Wi-Fi, na uache kusikiliza muziki kwa kufungua video.

Najifunza Kijerumani. Je, nyimbo na podikasti zitanitosha? – Msomaji, Nairobi

Nyimbo peke yake, hapana, dada. Mwimbaji huvuta silabi na kumeza nyingine, na utazoea matamshi ambayo hakuna anayeyatumia sokoni Berlin. Afadhali tafuta Radio D ya Deutsche Welle na Goethe-Institut: ni mchezo wa redio wenye mafunzo, misururu miwili ya vipindi 26 kila mmoja, na kuna toleo lenye maelezo ya Kiswahili. Hulipii chochote.

Unapochagua programu kwa kazi hii, uliza mambo ambayo mpenzi wa muziki hayajali: naweza kupunguza kasi? Naweza kurudi nyuma sekunde 15 kwa kubonyeza mara moja? Maandishi ya kipindi yapo? Sikiliza bila maandishi kwanza, kisha nayo, kisha bila tena. Kipindi kimoja hivyo kina faida kuliko vitano vya kupitia huku unaosha vyombo (vyombo navyo havitatakata).

Nikiacha kulipa, nyimbo nilizopakua zinabaki? – Msomaji, Mwanza

Hazibaki. Zimefungiwa ndani ya programu, na hata ukiwa unalipa, Spotify inakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Albamu unayoitaka iwe yako kabisa, inunue kwenye duka la mtandaoni la Bandcamp kama ipo, upewe faili lenyewe.