Kundi la walimu limejaa salamu na matangazo, nifanyeje?

Mwalimu mwenzangu wa Makete, pole na kazi. Umeuliza kama ujitoe kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa darasa la pili, kwa kuwa limebaki salamu, michango na matangazo ya viwanja. Usijitoe. Chukua wanne au watano wenye moyo, fungueni kundi dogo la kufundisha tu.

Anzeni na daftari la mtoto. Piga picha ya kosa moja, jina ukilifunika kabisa, kisha uliza: huyu kawaza nini? Mfano, mtoto ameandika 42 − 17 = 35. Ukiangalia haraka utasema hajui kutoa. Kumbe anajua sana: kila safu ametoa ndogo kwenye kubwa, 7 kutoa 2, 4 kutoa 1. Hapo mmoja ataeleza alivyotumia vijiti vya mafungu ya kumi, mwingine ajaribu kesho na kuleta majibu. Hayo majibu ndiyo muhimu kuliko yote. Wengi tunashauriana, kisha kimya.

Video zinamaliza bando, na huko milimani mtandao unasumbua. Picha na ujumbe wa sauti wa dakika moja vinatosha.

Halafu mweleze mwalimu mkuu mapema. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tayari inataka jumuiya za ujifunzaji shuleni, kwa hiyo mliyojadili huko yapelekeni kwenye kikao cha shule, ili hata mwenzenu mwenye simu ya kitochi ashiriki.