Fundi Akifika, Intaneti Inapona

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Ninaishi Tabata Segerea na ninafanya kazi ya uhasibu nikiwa nyumbani, kwa intaneti ya faiba niliyofungiwa mwaka jana. Tangu mwezi uliopita mtandao unakatika mara tatu au nne kwa siku, dakika tano au kumi, kisha unarudi wenyewe. Kampuni imeleta mafundi mara tatu. Kila anayekuja anatoa simu yake, anafungua video, anasema "mbona ipo, dada," ananipa karatasi nisaini na kuondoka. Jioni unakatika tena. Mume wangu ameanza kusema kwamba tatizo ni mimi. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, tatizo si wewe, na pengine hata mafundi hao hawakudanganya, kwa sababu walikuta mtandao upo. Hitilafu ya kuja na kuondoka haimsubiri fundi, kwa hiyo kazi ya kuishuhudia inabaki kwa mwenye nyumba. Ukisema tu kwamba intaneti inasumbua, utabishiwa. Ukionesha daftari lenye tarehe, saa, muda na rangi ya taa, kukubishia kunakuwa kugumu.

Anza na taa. Kwenye kisanduku ambamo uzi wa faiba unaingia, tafuta taa iliyoandikwa LOS. Mtandao ukikatika usikimbilie kuzima na kuwasha, maana kwa kufanya hivyo unafuta ushahidi wako mwenyewe; itazame kwanza taa hiyo na uipige picha. Ikiwa nyekundu, mwanga kutoka kwa kampuni haufiki kwenye kisanduku, na kosa liko njiani, kuanzia kichwa cha waya ukutani kwako hadi nguzoni na kuendelea. Ikiwa LOS imezimika, na kompyuta iliyounganishwa kwa waya inafanya kazi ilhali simu hazipati kitu, kosa ni la waifai ya ndani, na kuta zetu za matofali ya saruji zina mchango wake katika hilo. Inaweza pia kutokea LOS ikawa imezimika, taa nyingine zikawaka kama kawaida, na bado usipate mtandao hata kwa waya. Hapo mara nyingi kosa liko mbali na nyumba yako, kama ilivyokuwa Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na watumiaji nchini wakahangaika, jambo ambalo hakuna fundi wa kupanda nguzo angeweza kulimaliza. (Umeme wa TANESCO ukikatika na kisanduku kikazima, usiandike daftarini, hiyo ni kesi nyingine.)

Kwa dalili unazoeleza, mimi ningeshuku kichwa cha waya kilichoingia vumbi au kisichokaa sawasawa, uzi uliokunjwa mno nyuma ya kabati, au ule unaochezeshwa na upepo kati ya nguzo na dirisha. Faiba ni kioo, na ikikunjwa kwa ukali mwanga huvujia pembeni. Ndiyo maana kupima kwa video hakutoshi. Fundi wa nne akija, mkaribishe maji, mwoneshe daftari, kisha mwombe kwa upole achomoe uzi na kuupima kwa kipima mwanga. Katika mitandao mingi ya faiba ya majumbani kipimo hutakiwa kuwa kati ya -8 na -27 dBm (hicho ni kipimo cha nguvu ya mwanga, na kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo mwanga ulivyo hafifu). Kikisoma -26, mtandao upo na video itacheza vizuri, lakini mtikisiko mdogo tu unatosha kuutoa nje ya mpaka. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi kabla hujasaini. Akitaka kuondoka bila kupima, andika hapo hapo "tatizo halijaisha" ndipo usaini, kwa sababu yaelekea ni sahihi zako tatu tupu zilizofanya taarifa zako zihesabiwe kuwa zimeshughulikiwa. Wewe mwenyewe usichomoe uzi wala kuchungulia ncha yake: mwanga wake hauonekani kwa macho, na haufai kuchunguliwa.

Unapopiga simu huduma kwa wateja, omba taarifa ile ile ya kwanza ifunguliwe upya, wala usikubali kupewa namba mpya kila mara, maana tatizo moja la mwezi mzima litaonekana kama matatizo manne madogo yaliyokwisha. Ikishindikana, iandikie kampuni malalamiko ukiambatanisha picha na daftari; baada ya hapo peleka shauri TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ambao makao yao ni Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma. Usianze na wao, kwani watataka kujua kwanza kampuni ilikujibu nini.

SWALI: Mimi ni mzee mstaafu wa Upanga, na bado ninatumia simu ya mezani ya waya wa shaba pamoja na intaneti yake. Mvua ikinyesha intaneti hulegea na simu hukoroma. Kila nikipiga huduma kwa wateja ninaambiwa nizime modemu na kuiwasha. Je, ni modemu?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Sidhani. Chomoa modemu na vichujio vyote (vile vidude vinavyotenganisha sauti ya simu na intaneti), uache simu moja tu kwenye soketi ya kwanza inayopokea waya wa nje, inua mkonga, bonyeza namba moja ili mlio ukatike, kisha usikilize. Mkoromo ukiwapo, yaelekea maji yameingia kwenye kiungo cha waya, nguzoni au chini ya ardhi. Ukitoweka, kosa ni kichujio, modemu au waya wa ndani. Unaporipoti, taja mkoromo wa simu kwanza na intaneti baadaye, kwa kuwa intaneti iliyolegea hubishaniwa lakini mkoromo kila mwenye masikio anausikia. Na uripoti siku ile ile ya mvua, ukihimiza fundi aje upesi, maana jua likiwaka siku mbili kiungo hukauka, na fundi atakuambia yale yale aliyoambiwa dada wa Tabata.